Krimu unayojipaka ilipimwa na nani kabla yako?

HEBU nenda bafuni, mpenzi msomaji, ukachukue kopo la krimu unayojipaka kila asubuhi kabla ya kukimbilia matatu. Ligeuze usome maandishi ya nyuma. Huenda ukakuta imeandikwa kwamba krimu hiyo imepimwa na madaktari wa ngozi, kwamba inafaa ngozi za aina zote, na pengine kwamba wanawake tisa kati ya kumi walioijaribu waliona tofauti katika muda wa wiki nne. Maneno hayo yana uzito wake. Hutufanya tuamini kuwa mahali fulani yuko mtu aliyevaa koti jeupe ambaye amekwisha kutuondolea kazi ya kushuku.

Mimi pia nilikuwa nikiyapita maneno hayo bila kuyahoji, na mgonjwa wangu mmoja nusura apoteze figo zake kwa sababu hiyo.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, karani katika ofisi moja jijini. Alikuja kliniki akilalamika kwamba viatu vimekataa kuingia miguuni, na kwamba kila anapoamka uso umemvimba. Nilipima mkojo wake nikakuta protini nyingi kupita kiasi, ishara kwamba figo zilikuwa zikivuja. Nikamuuliza yote niliyofundishwa kuuliza. Ana kisukari? Hana. Amewahi kuugua ini? La. Amepimwa virusi vya ukimwi? Amepimwa, hana. Humeza dawa za maumivu mara kwa mara, au dawa za miti shamba? Hapana. Nikampa tembe za kupunguza maji mwilini akaenda nyumbani. Alirudi mara tatu, kila mara amevimba kuliko awali, hadi nikamwandikia barua ya kumwona daktari wa figo.

Mwenzangu huyo hakuanza na mkojo. Alimtazama usoni, akatazama vifundo vya vidole vyake ambavyo vilikuwa vyeusi kuliko mikono yenyewe, kisha akauliza: "Mama, unajipaka nini?" Mgonjwa akafungua mkoba akatoa kikopo chenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Sentensi moja ilisema krimu hiyo imepimwa na ni salama. Mkojo ulipopelekwa maabara kutafutwa zebaki, zebaki ilikuwemo. Mama aliiacha krimu, akatibiwa, na ilichukua miezi mingi kabla ya protini kuisha mkojoni.

Kinachoniuma ni kwamba habari hiyo haikuwa mpya hata kidogo. Mnamo 1972, jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha ripoti iliyotoka papa hapa Nairobi. Madaktari walikuwa wamewachunguza watu wazima 60 waliougua hali hiyo hiyo ya figo kuvuja protini na mwili kuvimba, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zilizotiwa chumvi ya zebaki. Baadhi yao walipoziacha walipona. Yaani jambo hili liliandikwa katika mji huu ninamofanyia kazi, kabla sijazaliwa, nami nikasoma udaktari, nikafaulu mitihani, nikafungua kliniki, bila kuzoea kumuuliza mgonjwa aliyevimba kile anachojipaka.

Sasa fikiri kuhusu krimu zile za 1972. Zilipimwa? Naam, zilipimwa. Zilipimwa na wateja, na matokeo yakasomwa katika figo zao. Hoja yangu leo inatoka hapo. Neno "imepimwa" linaweza kuwa kweli tupu na bado lisikuambie lile unalotaka kujua.

Tuanze na jinsi upimaji wenyewe ulivyozaliwa. Katika miaka ya 1930 kule Marekani iliuzwa rangi ya kutia kwenye kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Kemikali iliyokuwamo iliwachoma wanawake macho, wengine wakapofuka, na angalau mmoja akafa. Kashfa hiyo na nyingine za dawa zilichangia kupitishwa kwa sheria ya 1938 iliyoweka vipodozi chini ya serikali kuu ya Marekani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1944, mtaalamu wa serikali aitwaye John Draize pamoja na wenzake walieleza njia ya kupima: kemikali hutiwa katika jicho la sungura au kwenye ngozi yake iliyonyolewa, kisha wekundu na uvimbe hupewa alama. Kwa miongo mingi, ulimwengu mzima ulipima hivyo.

Hata hivyo, usidhani sheria ile ya 1938 ilimlazimisha mwenye kiwanda kupata kibali kabla ya kuuza krimu. Haikumlazimisha. Ilikuwa hadi Desemba 2022 ndipo Marekani ilipopitisha sheria inayotaka kampuni ziwe na kumbukumbu za kuthibitisha kwamba vipodozi vyao ni salama, na kuripoti madhara makubwa yanapotokea. Kwa hivyo mtu anapokuambia kwamba krimu hii ni salama kwa kuwa imetoka Ulaya au Marekani, muulize kwanza imetoka nchi gani na mwaka gani.

Sungura wamepumzishwa katika sehemu kubwa ya dunia. Jumuiya ya Ulaya ilikataza kupima vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, ikakataza kupima viambato mwaka 2009, na mwaka 2013 ikafunga kabisa soko lake kwa vipodozi vilivyopimwa hivyo. Badala yake maabara hukuza chembe za ngozi ya binadamu katika vikombe vidogo mpaka zijenge tabaka linalofanana na la juu la ngozi yako. Kemikali huwekwa juu ya tabaka hilo kwa dakika chache, huoshwa, na baada ya saa 42 huhesabiwa ni chembe ngapi zimebaki hai. Zikiwa nusu au chini ya hapo, kemikali huhesabiwa kuwa inachoma ngozi. Njia hii ilikubaliwa kimataifa mwaka 2010, na mimi naona ni afadhali kuliko sungura, si kwa huruma tu bali kwa sababu ngozi ya sungura si ngozi ya mtu.

Baada ya hapo huja watu. Kipimo cha kiraka kilianzishwa na daktari Josef Jadassohn mwishoni mwa karne ya 19, na bado kinatumika, hospitalini na viwandani. Kiwandani huchukuliwa watu wa kujitolea, mara nyingi kati ya 100 na 200. Krimu hutiwa kwenye kiraka kidogo kinachobandikwa mgongoni, hubanduliwa na kubandikwa tena mara tisa hivi katika wiki tatu. Watu hao hupumzishwa kama wiki mbili, kisha hubandikwa kiraka kingine mahali papya. Ngozi ikiwasha au ikivimba mara hii ya mwisho, basi mwili umejifunza kuichukia krimu hiyo, yaani umepata mzio. Isipowasha, kampuni huwa na haki ya kuandika kwenye kopo maneno yale uliyoyasoma bafuni.

Kipimo hiki ni kizuri kwa kazi yake. Kazi yake ni kutafuta mwasho na mzio. Lakini hakitafuti zebaki ndani ya figo. Hakitafuti kinachotokea baada ya miaka mitatu. Na hapa pana jambo ambalo nikiwaeleza wagonjwa huwa hawaamini: krimu iliyotiwa steroidi kali kwa siri ingeweza kupita mtihani wa kiraka kwa alama za juu kabisa. Kazi hasa ya steroidi ni kutuliza ngozi inayowasha! Wale watu wa kujitolea wangebandika, wangebandua, na ngozi ingekuwa tulivu kama maji ya mtungini. Kumbe mtu anayeipaka usoni kila siku kwa mwaka mmoja anajipunguzia unene wa ngozi, anaota chunusi na mishipa midogo myekundu mashavuni, na anapojaribu kuiacha uso unamwaka moto. Akiipaka mwili mzima, steroidi huingia katika damu hadi tezi za mwili zinazotengeneza homoni hiyo zinalala. Wasichana huja kwangu na michirizi mapajani wakidhani ni unene. Si unene.

Haidrokwinoni nayo ina kisa chake, na kilitokea Afrika Kusini. Kemikali hiyo hupunguza rangi ya ngozi kweli kweli, na kwa miezi ya mwanzo mtumiaji hufurahi. Krimu zake ziliuzwa huko kwa wingi kwa watu weusi. Mnamo 1975 daktari mmoja wa ngozi nchini humo, G. H. Findlay, na wenzake walieleza hali ya ajabu kwa watumiaji: mashavu na kipaji cha uso vikawa na madoa ya rangi ya samawati iliyochanganyika na nyeusi, yenye vipele vidogo kama mayai ya samaki. Ni madoa ambayo mpaka leo tunashindwa kuyaondoa vizuri. Mtu alitafuta weupe akapata weusi usiofutika. Iliichukua Afrika Kusini hadi 1990 kupiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. Ulaya ikafuata mwaka 2001. Hakuna kiraka cha wiki sita ambacho kingeyaona madoa hayo, kwa kuwa huja baada ya miezi mingi au miaka.

Kuna kasoro nyingine, na hii hainitoki akilini kwa sababu inatuhusu sisi moja kwa moja. Alama zinazotolewa katika kipimo cha kiraka ni za wekundu na uvimbe. Mwekundu nani? Ngozi nyeupe ikikasirika huwa nyekundu saa ile ile, hata mtoto ataona. Ngozi yangu na yako ikikasirika, wekundu hufichwa na rangi yetu. Asiyezoea kuitazama huenda akaandika sifuri. Kisha, baada ya wiki kadhaa, mahali pale pale panakuwa doa jeusi linalokaa miezi. Ukiwauliza wagonjwa wangu ni madhara gani ya krimu yanayowaliza, watakuambia ni doa hilo. Kwa hiyo dhara tunalolichukia zaidi hutokea wakati watu wa kiraka wamekwisha kulipwa na kwenda makwao. Ikiwa kampuni inataka kuuza Nairobi, Mombasa au Kisumu, naiomba iniambie walikuwepo watu weusi wangapi migongoni mwao kulibandikwa nini, na walitazamwa tena baada ya muda gani.

Mfano mwingine ni krimu za kujikinga na jua, zile zenye herufi SPF na nambari. Nambari hiyo hupatikana kwa kuwapaka watu wachache, kumi hivi kwa uchache, wenye ngozi ya rangi nyepesi, kiasi cha miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, kisha kuwamulika kwa taa mpaka ngozi ianze kuwa nyekundu. Kipimo kimefuatwa, nambari ni ya kweli. Lakini nani hujipaka kiasi hicho? Mtu mzima akitaka kufunika mwili wote kwa kiwango hicho anahitaji kama mililita 30 kwa mara moja, na wengi wetu hujipaka nusu ya hapo au robo. Kinga inayobaki ni ndogo sana kuliko nambari iliyoandikwa. Kwa mtu mwenye rangi nyeusi hilo ni suala la fedha tu, isipokuwa kama anaugua madoa yanayochochewa na jua. Kwa mtu mwenye ualbino ni suala la saratani. Nimemwona kijana aliyekuwa akitumia chupa moja kwa miezi mitatu akidhani analindwa. Anayetaka kujua jinsi jambo hili linavyoweza kushughulikiwa vizuri atazame ng'ambo ya mpaka, Moshi, ambako hospitali ya KCMC imekuwa ikitengeneza krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, na kuwafundisha namna ya kujipaka.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya usalama. Je, krimu inafanya lile inalodai? Rudi kwa wale wanawake tisa kati ya kumi. Mara nyingi madai ya namna hiyo hupatikana kwa kuwapa wanawake krimu ya bure, na baada ya wiki nne kuwauliza wanaonaje. Mtu aliyepewa krimu nzuri yenye harufu nzuri akaambiwa itamfanya apendeze, unatarajia ajibu nini? Isitoshe, mafuta yoyote yanayozuia maji yasitoke katika ngozi huifanya ilainike na mikunjo midogo ijifiche kwa saa chache. Mafuta ya shilingi hamsini hufanya hivyo.

Kipimo cha haki ni kile cha kulinganisha. Mwaka 1988, madaktari wa Marekani walitaka kujua kama dawa ya tretinoini inasaidia ngozi iliyozeeshwa na jua. Waliwachukua watu 30. Mkono mmoja wa kila mtu ulipakwa krimu yenye dawa na mkono wa pili ukapakwa krimu ile ile isiyo na dawa, kwa wiki 16, na si mgonjwa wala daktari aliyejua upi ni upi. Mwisho wake mikono ya dawa ilionekana kuwa bora, ingawa pia iliwasha. Huo ndio ushahidi, pamoja na ubaya wake. Krimu yako ya uso ina jaribio la namna hiyo, yaani krimu dhidi ya krimu tupu, bila ya yeyote kujua? Kama ingekuwa nalo, amini usiamini, wangeliandika kwa herufi kubwa.

Na jaribio la haki halimpendelei mtu, hata daktari. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliamini kwamba mtoto mchanga kutoka ukoo wenye ukurutu akipakwa krimu ya kulainisha ngozi kila siku tangu kuzaliwa, atakingwa na ukurutu. Nimewahi kuwashauri kina mama hivyo kwa moyo safi. Mwaka 2020 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliofuata watoto 1,394. Nusu walipakwa kila siku kwa mwaka mzima, nusu hawakupakwa kwa mpango huo. Walipofika miaka miwili, ukurutu ulikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Ushauri wangu ukaanguka. Nimeuacha, ijapokuwa krimu hizo bado ni nzuri kwa mtoto ambaye ngozi yake tayari ni kavu au ina ukurutu.

Lipo pia neno linalopendwa sana na wauzaji, lile la kusema kwamba bidhaa "haileti mzio". Serikali ya Marekani ilijaribu mwaka 1975 kuweka masharti kwamba anayelitumia neno hilo awe na vipimo vya kulithibitisha. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 masharti hayo yakabatilishwa. Tangu hapo neno hilo nchini humo limekuwa likimaanisha lile ambalo kampuni inataka limaanishe.

Tukija kwetu, sheria si mbaya. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi vya ngozi humu nchini. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, kimeweka masharti ya vipodozi na viambato visivyoruhusiwa. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata hicho kidogo ifikapo 2025. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lina nembo yake, na chini ya nembo hiyo pana nambari ya kibali ambayo mnunuzi anaweza kuihakikisha.

Lakini marufuku hupigwa kwenye karatasi, na krimu huuzwa kwenye vibanda. Kipimo cha kiwandani hupima kopo lililotoka kiwandani. Hakipimi kopo la bandia lenye karatasi iliyochapishwa jana usiku. Hakipimi mchanganyiko uliokorogwa nyuma ya saluni kwa kijiko, krimu tatu na tubu moja ya steroidi, ukatiwa katika mkebe usio na jina. Hakipimi hata krimu halali iliyoanikwa juani miezi miwili kando ya barabara. Kiwanda chenye adabu huhifadhi makopo katika joto la nyuzi 40 kwa miezi mitatu kuona kama yatabadilika, na hutia bakteria na kuvu ndani ya krimu kwa makusudi, kisha hufuatilia kwa siku 28 kama vihifadhi vitawaua. Ile picha ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye nambari kama 12 na herufi M ni muda ambao krimu inastahili kutumika baada ya kufunguliwa, yaani miezi kumi na miwili. Muuzaji anayekupimia krimu kwa kijiko kutoka ndoo kubwa amekwisha kufuta kazi hiyo yote.

Kwa maoni yangu, mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwenye bega lisilofaa. Mnunuzi ndiye anayeambiwa awe mwangalifu, asome, ashuku. Karani wangu yule angejuaje? Zebaki haina harufu na haikuandikwa koponi. Barani Ulaya, kila kipodozi lazima kiwe na faili: tathmini ya usalama iliyotiwa sahihi na mtaalamu, ushahidi wa kile kinachodaiwa, na mtu aliye ndani ya Jumuiya anayewajibika, naye hulihifadhi faili hilo miaka kumi baada ya shehena ya mwisho kuingia sokoni. Nataka mwagizaji wa krimu anayepitishia shehena Mombasa awe na faili kama hilo, na asiyekuwa nalo arudishe makasha yake. Aidha, nataka makopo yanunuliwe madukani na vibandani kama mteja wa kawaida anavyonunua, yapimwe zebaki na steroidi kila baada ya miezi michache, na majina yake yachapishwe gazetini, yaliyofeli na yaliyopita. Mashine za kutambua zebaki katika krimu zipo za kubebwa mkononi, na hutoa jibu kwa dakika chache.

Nanyi madaktari wenzangu mnaosoma ukurasa huu, ulizeni swali lile. Halichukui nusu dakika.

Wewe msomaji unaweza kufanya nini kwa sasa? Ukinunua krimu mpya, usiipake usoni siku hiyo. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba, hata kumi na nne ukiwa na subira, mahali pale pale. Ikiwasha, ikitoa vipele au ikiacha weusi, iache. Nimekwisha kukueleza kwamba jaribio hili litakuonyesha mwasho na mzio tu. Zebaki na steroidi zitalipita bila kelele. Kwa hizo tumia ishara nyingine. Krimu inayokufanya uwe mweupe ndani ya siku chache ina kitu. Krimu isiyoorodhesha viambato vyake ina sababu ya kutoviorodhesha. Inayokuonya usiiguse kwa pete ya fedha au dhahabu huenda ina zebaki, maana zebaki huharibu madini hayo. Mjamzito na anayenyonyesha asizikaribie kabisa krimu za kung'arisha, na wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba zebaki hutoka katika ngozi ya mama ikashika taulo, shuka na mikono ya mtoto.

Kama umekuwa ukitumia krimu unayoshuku ina steroidi kwa miezi mingi mwili mzima, usiitupe leo ukadhani mambo yamekwisha. Mwone daktari kwanza, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha. Unayeshuku zebaki, iache leo hii, na uombe kupimwa mkojo. Siku ya kwenda kliniki, beba kila kitu unachojipaka, sabuni ikiwemo, hata ule mkebe usio na jina. Ufunge vizuri katika mfuko wa plastiki mzito. Usimimine krimu hiyo chooni wala usiichome na takataka nyuma ya nyumba, kwani zebaki ikipata moto hugeuka mvuke na wa kwanza kuuvuta ni wewe uliyeshika kiberiti.